Fizi zikitoa damu, mswaki usiutupe!

WATOTO wa mjini siku hizi hatuna siri. Ugomvi wa chumbani tunauanika, madeni tunayaanika, hata tumbo likivurugika baada ya chipsi za usiku tunasimuliana huku tunacheka. Lakini hebu nikuulize wewe unayesoma hapo ndani ya daladala: ni lini umemsikia mtu akisema, "Jamani, mimi nikiswaki natoka damu"?

Hasemi mtu. Anatema, anafungulia bomba, ushahidi unakwenda na maji. Kisha anapaka mafuta midomoni, anavaa kiatu na kwenda zake kama hakuna kilichotokea. Kesho tena hivyo hivyo.

Basi leo tuyaseme, maana kimya hiki kuna watu kinawagharimu meno, na wengine kinawavunjia uchumba.

Yupo binti mmoja wa Sinza, jina lake nalihifadhi. Mchumba wake alilala kwake siku moja, asubuhi akaukuta mswaki wa bibie umeachwa kwenye kikombe, nywele zake zina wekundu. Jamaa hakuuliza kitu. Alinywa chai, akaaga, na kuanzia siku hiyo akawa mtu wa visingizio: leo kazi nyingi, kesho mjomba anaumwa. Binti naye si mtoto, akajua anafikiriwa nini. Akaenda kupima kimya kimya, moyo mkononi. Majibu yakatoka safi, hana virusi vya ukimwi. Lakini damu ikawa palepale.

Akaenda duka la dawa. Muuzaji, bila hata kumwambia "hebu fungua mdomo nione", akampimia vidonge vya vitamini C. Akavitafuna kama pipi mwezi mzima. Damu palepale. Mwisho akafanya lile ambalo wengi wetu tunalifanya: akaacha kabisa kupitisha mswaki kwenye yale meno ya chini yanayotoa damu. "Niliona najiumiza bure," aliniambia. Akawa anapaka dawa ya meno kwa kidole, taratibu, kama anayepaka kidonda.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Fizi zikavimba zaidi, na mdomo ukaanza kutoa harufu ambayo hata yeye mwenyewe aliisikia. Alipofika kwa daktari wa meno, uchunguzi haukuchukua muda. Hakuwa na upungufu wa vitamini. Alikuwa na ukoga.

Adui analala mlangoni

Mdomo wa kila mtu, awe waziri au muuza maji, umejaa bakteria kwa mamilioni. Hilo si la kuonea aibu, ndivyo tulivyoumbwa. Ukimaliza kuswaki, hazipiti saa nyingi vinaanza kujipanga upya juu ya jino na kutengeneza utando laini. Asubuhi kabla hujaswaki pitisha ulimi kwenye meno yako: ule ukwaruzo wa manyoyamanyoya ndio wenyewe. Utando huu unapenda sana kujificha pale jino linapoingia kwenye fizi, na katikati ya jino na jino, sehemu ambazo mswaki wa haraka haraka haufiki.

Ukiachwa hapo, madini yaliyomo kwenye mate huugeuza ukawa mgumu, kama yale magaga meupe yanayoganda ndani ya birika la chai. Huo ndio ukoga. Unaweza kuwa wa njano au wa kahawia, na mara nyingi hukaa nyuma ya meno ya mbele ya chini, kwa sababu hapo ni jirani na matundu yanayotoa mate chini ya ulimi. Ukishaganda, mswaki hauwezi kuutoa, hata usugue mpaka mkono ufe ganzi. Ubaya wake mwingine ni kwamba uso wake una mikwaruzo, kwa hiyo utando mpya unanata juu yake kwa raha zote.

Sasa mwili nao si mjinga. Ukiona bakteria wamepiga kambi mlangoni, unatuma askari wake, na askari hao husafiri ndani ya damu. Mishipa midogo ya fizi inatanuka, fizi inavimba na kulainika, ngozi yake inakuwa dhaifu. Hapo hata mkate mkavu au embe bichi linatosha kutoa damu. Kwa hiyo ukiona damu, mara nyingi mswaki haujafanya kosa lolote. Umefika tu mahali ambapo ulikuwa haufiki siku nyingi.

Nakuona unatikisa kichwa. Unasema huyu naye ametoa wapi hayo?

Mwaka 1965 watafiti wa chuo cha meno cha Aarhus, Denmark, wakiongozwa na Harald Löe, walichapisha jaribio moja ambalo hadi leo wanafunzi wa udaktari wa meno wanalisoma. Walichukua watu 12 wenye fizi safi kabisa, wengi wao wanafunzi, wakawaambia: acheni kusafisha meno. Hakuna mswaki, hakuna kijiti, hakuna chochote. (Sijui wachumba wao walivumilia vipi, hilo halikuandikwa!) Ndani ya siku 10 hadi 21 wote 12, bila hata mmoja kusalia, walikuwa na fizi zilizovimba. Kisha wakaambiwa waanze tena kusafisha. Ndani ya wiki moja hivi, fizi zikarudi kuwa nzima.

Soma tena hapo. Hawakupewa vidonge, hawakuchomwa sindano. Utando uliondolewa, fizi zikapona. Ndiyo maana yule binti wa Sinza alipouweka mswaki kando alikuwa anawalisha wageni na kuwaandalia kitanda.

Fizi haikuamshi usiku

Jino likitoboka litakuamsha saa nane za usiku, utazunguka chumba ukiwa umeshika shavu na kukipambazuka tu uko mlangoni kwa daktari. Fizi haina tabia hiyo. Inaugua kimya kimya, pengine miaka, huku wewe unakula nyama choma zako na kupiga picha za kutabasamu.

Ugonjwa ukiwa bado kwenye fizi peke yake, unatibika na kila kitu kinarudi kama zamani. Lakini kwa baadhi ya watu, usipotibiwa, unashuka chini. Fizi inaachana na jino, panakuwa na kijimfuko ambacho usaha na uchafu hukaa humo, na mfupa unaoshika jino unaanza kuliwa taratibu. Meno yanaonekana marefu kuliko zamani, yanaachana, yanacheza. Siku moja unatafuna muhogo wa kuchoma, unalitema jino zima zima, halina hata tundu! Mfupa ukishaliwa hauoti wenyewe. Daktari anaweza kuusimamisha ugonjwa usiendelee, lakini kilichokwisha kwenda kimekwenda.

Wala si ugonjwa wa watu wachache. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2022, lilikadiria kwamba zaidi ya watu bilioni moja duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Bilioni, si milioni. Wazee wetu wengi waliobaki na mapengo na kusema "ni uzee tu", wengine uzee unasingiziwa.

Jambo jingine. Matangazo ya dawa za meno hutuonyesha fizi za rangi ya waridi, na mtu mweusi akijitazama kwenye kioo akaona zake ni za kahawia au zina madoa meusi, anashtuka. Usishtuke, ndugu yangu. Hiyo ni rangi yako kama ilivyo ya ngozi yako. Tazama kama fizi imekaza na imelikumbatia jino vizuri, au imetuna, inang'aa na kuteleza. Rangi ikibadilika ghafla kuliko ulivyoizoea, hapo sawa, uliza.

Vitamini C na mabaharia wa Malindi

Tumrudie muuza dawa na vidonge vyake. Wazo lake halikutoka hewani. Ni kweli upo ugonjwa wa kukosa vitamini C, unaitwa kiseyeye, na dalili yake kubwa ni fizi kuvimba na kutoka damu. Historia yake inagusa pwani yetu hii hii. Vasco da Gama aliporudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu bila kupata matunda wala mboga mbichi. Fizi za mabaharia zikavimba mpaka zikafunika meno, wakashindwa kula, na watu kama 30 wakafa njiani. Walipotia nanga Malindi Januari 1499, kitu ambacho wagonjwa walikuwa wanakililia ni machungwa, na walipelekewa. Kwa wengine yalikuwa yamechelewa. Watu walipungua kiasi kwamba meli moja waliichoma moto kwa kukosa wa kuiendesha.

Sasa linganisha. Wale walikaa miezi bila hata jani la mchicha. Wewe unakaa mji ambao machungwa yanamenywa kwenye kila kituo cha daladala, maembe na mapera yapo, kachumbari ya nyanya na ndimu iko pembeni ya kila sahani ya mishikaki. Kupata kiseyeye hapo inabidi ujitahidi. Inatokea, hasa kwa mtu mgonjwa sana, mlevi asiyekula, au anayeishi kwa chai na maandazi mwaka mzima, lakini si jibu la kwanza. Kula matunda, ni mazuri kwa mwili wote. Ila chungwa haliwezi kukwangua ukoga.

Wapo ambao fizi zao zina sababu za ziada. Mama mjamzito, kwa mfano. Homoni za ujauzito hufanya fizi ziukasirikie utando kuliko kawaida, ndiyo maana wengi hutoka damu wakiwa na mimba, na wengine huota kijinyama kwenye fizi ambacho mara nyingi hunywea baada ya kujifungua. Ule msemo wa bibi zetu kwamba kila mtoto anaondoka na jino la mama hauna ukweli. Mtoto hali meno ya mama. Kinachotokea ni kwamba mama anaona damu, anaogopa, anaacha kuswaki, na kichefuchefu nacho kinamfanya auchukie mswaki wenyewe. Kusafishwa meno ukiwa mjamzito hakuna tatizo, mweleze tu daktari hali yako.

Mwenye kisukari naye awe macho, kwani sukari ikipanda fizi huugua upesi, na fizi zikiwa na ugonjwa sukari nayo inakuwa ngumu kushuka. Zipo pia dawa. Za kuzuia damu kuganda zinaweza kuongeza utokaji wa damu. Fenitoini ya kifafa na nifedipini ya presha zinaweza kufanya fizi zitune. Usiziache kwa kusoma gazeti! Mwulize aliyekuandikia.

Mvutaji sigara nampa aya yake mwenyewe, maana huyu ndiye anayejidanganya kuliko wote. Atakwambia, "Mimi navuta mwaka wa kumi huu, fizi zangu hazijawahi kutoka tone." Ni kweli hazitoki. Sigara inabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi, kwa hiyo kengele ya hatari imezimwa huku moto unawaka. Wavutaji ndio hasa wanaopoteza mfupa wa meno kwa wingi, na wakitibiwa wanapona polepole. Mshikaji, kutotoka damu kwako si cheti.

Na ukimwi? Hili ndilo lililomfanya jamaa wa Sinza aingie mitini, basi tulinyooshe. Mtu mwenye virusi ambaye kinga yake imeshuka anaweza kupata magonjwa makali ya fizi, vidonda vyenye maumivu na harufu nzito. Lakini huwezi kumtazama mtu mswaki wake ukampima ukimwi. Wenye fizi zinazotoka damu kwa ajili ya utando ni wengi mno. Mwenye wasiwasi akapime, kipimo kipo, na mwenye virusi akitumia dawa zake vizuri anaishi na meno yake. Ila mswaki wa kuazimana hapana! Wale mnaokaa geto watu wanne na mswaki mmoja "wa wageni", acheni. Damu kidogo kwenye mswaki inatosha kumpitishia mwenzio homa ya ini aina ya B.

Namna ya kuswaki, maana wengi tunafua

Kijana wa mjini ana dakika mbili za kuchana nywele na sekunde kumi za kuswaki. Tena anasugua kwa nguvu kama anafua jinzi, kulia kushoto, kulia kushoto, kwa mswaki mgumu kuliko brashi ya viatu. Mswaki mgumu unachimba jino na kuisukuma fizi irudi nyuma.

Nunua mswaki laini. Uulaze kidogo, nusu ya nywele zake ziguse jino na nusu ziguse fizi, zikielekea pale zinapokutana. Kisha utikise kwa vijimwendo vidogo vidogo, jino mbili tatu, halafu sogea. Nje, ndani, na sehemu za kutafunia. Usisahau nyuma ya meno ya mbele ya chini. Hapo simamisha mswaki. Dakika mbili, mara mbili kwa siku, kwa dawa yenye floraidi. Ukilazimika kukosa mara moja, isiwe ya usiku, kwa sababu ukilala mate yanapungua na bakteria wanafanya sherehe. Nywele za mswaki zikishajinyonga huku na huku, au ikipita miezi mitatu hivi, utafute mwingine.

Katikati ya meno mswaki hauingii. Uzi wa meno upo kwenye maduka ya dawa. Unapitishwa taratibu kukumbatia jino, bila kuukata kama msumeno juu ya fizi. Siku za kwanza utatoka damu, usikimbie. Kile kijiti cha kiberiti ulichokichonga kwa wembe baada ya nyama, hicho kitupe.

Mswaki wa mti, ule unaouzwa nje ya misikiti, usiudharau kwa kuwa umehamia mjini. Hata jina la huu wa plastiki tumelitoa kwake. Ukitafunwa ncha ikalainika, na mtu akautumia kwa uangalifu kila siku, unaondoa utando vizuri. Tatizo ni uvivu wa kufika nyuma, sehemu ambazo wauzaji wenyewe watakwambia zinahitaji kuupinda mkono.

Mkaa uliosagwa, majivu na mchanga sivipendi. Vinang'arisha kwa kukwangua, na fizi zinachubuka. Ndugu zetu wa Arusha na maeneo ya Meru wenye meno ya kahawia hasa wasijitese navyo, kwani rangi ile imetokana na floraidi nyingi kwenye maji waliyokunywa utotoni, haisuguliki ikatoka. Maji ya chumvi ya vuguvugu ni mazuri kutuliza fizi iliyovimba, ila hayaondoi utando hata ukiyasukutua mpaka asubuhi.

Kiti cha daktari

Ukiswaki vizuri hivyo wiki mbili na damu bado inakuja, basi kuna ukoga ambao hautautoa mwenyewe, au kuna jambo jingine. Nenda. Usisubiri hizo wiki mbili kama jino linacheza, kama kuna usaha, au fizi zina vidonda vinavyouma sana. Na kama damu inatoka yenyewe bila kugusa, huku unatokwa na damu puani, una homa, au mwili unavilia damu bila kugongwa, hiyo ni kesi ya hospitali siku hiyo hiyo. Magonjwa ya damu yenyewe, pamoja na saratani, yanaweza kuanza kujionyesha namna hiyo.

Watu wengi wanaogopa kukwanguliwa kwa sababu ya maneno ya mtaani: "Fulani alisafishwa meno, yakaanza kucheza." Ukweli ni kwamba ukoga mwingi huwa umeyashikamanisha meno kama saruji, na mfupa chini yake umeshaliwa zamani. Ukitolewa, ndipo mtu anagundua hali halisi. Nafasi anazoziona katikati ya meno zilikuwepo, zilijazwa na ukoga na uvimbe. Aliyechelewa asimlaumu aliyemsafisha.

Binti wa Sinza alikwanguliwa mara mbili, akafundishwa kuswaki upya kama mtoto wa chekechea, na baada ya wiki chache damu ikakoma. Yule jamaa alipopata habari akaanza kupiga simu tena. Hazipokelewi.

Ukienda wewe, beba majina ya dawa zote unazotumia, sema kama una mimba, kisukari au presha, na useme kweli kuhusu sigara. Kukwanguliwa kunakera zaidi kuliko kunavyouma, na penye uchungu wanakupiga ganzi. Siku mbili tatu baadaye maji baridi yatakupiga shoti na fizi zitakuwa laini. Sukutua maji ya chumvi, kula vitu vyororo, pilipili uiache kwanza. Na jioni ile ile, taratibu, unaswaki.